Kocha Asiye na Kitambulisho

Jumanne moja ya Juni, saa nne asubuhi, Bonareri alikuwa ameketi mlangoni akichagua maharagwe kwenye ungo, mumewe Bogonko alipotoka kaburini kuja kunywa chai. Kaburi liko nyuma ya nyumba, karibu na migomba, si mbali na soko la Ndhiwa. Alipangusa viatu kwenye nyasi kama alivyofundishwa tangu walipooana, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akauliza kama sukari imo.

"Imo," Bonareri akasema. "Na usipulize, utamwaga."

Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu azikwe. Mwanzoni majirani walikuja kutazama, lakini mtu anayekunywa chai hatazamiki muda mrefu, wakarudi kwa kazi zao. Dolphine, jirani muuza samaki, alikuwa akipita na karai lake kichwani na kumtania tu: "Baba Bev, leo umechelewa. Hata huko kuna foleni?"

Siku hiyo chai ilikuwa na habari. Timu ya taifa ilikuwa imefungwa tena, kocha amefukuzwa tena, na kamati ilikuwa inazunguka kaunti ikiuliza wananchi swali moja: je, kocha mpya atoke nje ya nchi? Alhamisi ingefika Homa Bay. Walioiona ikipita Migori walisema imebeba bango ambalo tayari limeandikwa KARIBU KENYA, KOCHA WETU. Kamati ilieleza kwamba bango hilo halikuwa uamuzi. Lilikuwa la kuokoa muda.

Beverlyne, binti yao, alikuwa ameomba kazi hiyo mara nne. Vyeti vya ukocha alikuwa navyo vyote. Timu yake ya Ndhiwa haikuwa imefungwa nyumbani kwa miaka mitano, na huo uwanja wenyewe umeinama hata ng'ombe wakilishwa pale wanajishikilia. Alifundisha kwa ungo wa mama yake: mahindi kumi na moja ndio sisi, maharagwe kumi na moja ndio wao, njugu moja ndiyo mpira. Barua zake nne zilijibiwa kwa sentensi ileile: Ombi lako limepokelewa, endelea kujenga taifa. Safari hii angeomba mara ya tano, na ya mwisho. Sheria ya kamati ilisema mwenyeji akitimiza miaka arobaini asiombe tena, akili yake itakuwa imechoka. Mgeni hakuwekewa umri. Beverlyne alikuwa anatimiza arobaini mwezi wa Agosti.

"Nitaenda kumsemea," Bogonko akasema.

"Ulipokuwa hai mbona hukumsemea?"

"Nilikuwa naona aibu kusifu mtoto wangu mbele ya watu."

"Na sasa?"

"Sasa nimekufa, Mama Bev. Aibu ya nini?"

Bonareri akamwongezea chai.

Ukumbi wa Homa Bay ulijaa mapema kwa sababu ilisemekana kuna soda na mkate. Mwenyekiti, Bwana Dishon, alikaa mbele na maiki. Katibu wake Emmah alikaa kando na kitabu cha kuandika maoni, ambacho kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeshapigwa chapa.

Mzee mmoja kutoka Kendu Bay alisema mgeni ni mzuri kwa sababu hana shangazi hapa, hatapanga watoto wa shangazi. Watu wakapiga makofi. Dolphine akaomba maiki.

"Hata gugu maji lilitoka nje," akasema. "Likapokelewa. Likajaa ziwa mpaka Kisegi, mashua hazitoki. Mimi sijaona likifunga bao."

Watu wakacheka. Emmah akaandika: Mwananchi anaunga mkono vitu vya kutoka nje.

Beverlyne alipofikiwa aliweka ungo mezani. Akapanga mahindi, akapanga maharagwe, akaonyesha ni kwa nini timu ya taifa hufungwa dakika za mwisho: mabeki hukimbilia mahali mpira ulipo, badala ya kusimama mahali unapokwenda. Akasogeza maharagwe matatu na njugu ikapita katikati ya mahindi kama mtu aingiaye kwake. Hata asiyejua mpira aliona.

"Asante, mama," Bwana Dishon akasema, akitazama saa. "Watu wa hapa tunawajua sana. Soda yako iko pale mlangoni."

Ndipo Bogonko akasimama kutoka kiti cha nyuma. Udongo kidogo ulianguka kutoka begani, akaomba radhi kwa aliyekaa mbele yake.

"Mimi nimekuja kumsemea huyu."

"Kitambulisho kwanza," Emmah akasema.

"Sina. Chifu alikichukua siku waliyonizika."

Emmah alipekua kwenye simu yake, akakuta ni kweli: kitambulisho kilirudishwa, jina likafutwa. Akamnong'oneza mwenyekiti, na mwenyekiti akakaa wima kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kumbe wewe si raia."

"Si tena."

"Unatoka wapi?"

"Huko."

"Ni mbali?"

"Mbali kiasi."

"Na mpira mnacheza huko?"

"Tuna kiwanja kimoja," Bogonko akasema. "Hakijainama. Lakini ninyi sikilizeni, anayejua ni huyu msichana. Mimi nilikuwa nafundisha mbio tu, shule ya msingi."

"Ona unyenyekevu," Bwana Dishon akaiambia kamati. "Mwenyeji angejisifu."

Emmah akaandika: Uzoefu wa kimataifa. Bango likatandazwa.

Nje, wakinywa soda, Bogonko alitaka kukataa. Beverlyne alikuwa anaokota mahindi yaliyoanguka ngazini.

"Nenda," Bonareri akamwambia mumewe. "Ukishaingia ndani, utamfungulia mlango."

Ikabaki karatasi. Kamati ilisema mgeni hawezi kuanza kazi kabla ya kuingia nchini, kwa hiyo Bogonko alipelekwa mpaka Isebania, akavushwa upande wa Tanzania, akanywa maji, akarudi.

"Mara ya mwisho ulikuwa Kenya lini?" afisa akamuuliza.

"Sijawahi kutoka."

"Jibu swali, mzee."

"Miaka mitatu iliyopita."

"Karibu," afisa akasema, akagonga muhuri.

Alipewa nyumba Nairobi na mkalimani, kwa kuwa kocha mgeni lazima awe na mkalimani. Bogonko alikuwa akisema kwa Kiswahili, "Mabeki, simameni pale mpira unakwenda," na mkalimani alikuwa akisema kwa Kiswahili, "Mabeki, simameni pale mpira unakwenda," na wachezaji wakasimama. Maneno hayo walikuwa wameyasikia kwa makocha wa hapa mara nyingi, lakini hayakuwahi kutafsiriwa.

Kila siku saa nne alirudi Ndhiwa kunywa chai. Wafu hawakwami barabarani. Beverlyne aliweka ungo kwenye stuli, akapanga mahindi ya siku hiyo, na baba yake akanakili kwenye daftari kwa mwandiko mbaya kama wa daktari. Timu ikashinda mechi ya kwanza, ikashinda ya pili. Redioni wachambuzi walisema tazama sasa, hii ni akili ya nje, hii kitu haiwezi kumea kwetu. Dolphine alisikia hayo akiwa anapaa samaki, akazima redio kwa kiwiko.

Bogonko aliomba msaidizi. Aliandika jina moja tu, akaliandika vizuri, pole pole.

Jibu lilifika Agosti, siku ileile Beverlyne alipotimiza arobaini. Bonareri alikuwa amechinja kuku. Beverlyne aliisoma barua kwa sauti, akiwa amesimama, baba na mama wakisikiliza. Kamati ilimshukuru kocha kwa kazi nzuri. Ilimkumbusha kwamba msaidizi wa kocha mgeni hutoka alikotoka kocha mwenyewe. Mtu aliyemtaja ana sifa zote, ila bado ni wa hapa. Kama kocha anamhitaji sana, na amlete kwa njia aliyokuja nayo yeye. Nafasi itamsubiri.

Chai ikapoa. Bogonko aliitazama migomba, mahali ambapo kando ya kaburi lake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, halafu akaacha kutazama.

"Kuna haraka gani?" Bonareri akasema. "Keti, Bev. Mna mechi Jumamosi."

Beverlyne aliikunja barua, akaisukuma chini ya mguu mfupi wa stuli ili ungo usiiname. Akapanga mahindi. Winga wa kushoto akamrudisha nyuma kidogo. Baba yake akanakili, akaaga, akapita migombani.

Mama yake akakusanya timu zote mbili, akaziosha, akazitia kwenye sufuria moja, akachochea moto. Njugu aliitafuna.