Udongo Ulioelea

Ijulikane kwa walio hai na watakaozaliwa kwamba mimi, Apua wa kidato cha tatu, nimetoa mchango mkubwa kwa sayansi ya udongo Turkana. Mchango wenyewe ulikuwa mavi ya mbuzi.

Madam Akaale alikuja shuleni kwetu Lodwar kuazima maabara. Ni binti wa wafugaji wa Lopur, karibu na Kakuma, na sasa anasomea udongo chuo kikuu. Alileta mifuko miwili: mmoja wa udongo wa boma la zamani, ambamo mifugo ililala miaka mingi kabla ya watu kuhama, mwingine wa uwanda mtupu kando ya barabara. Mama yake na wanawake wenzake walikuwa na mbegu za mtama za kutosha mahali pamoja tu. Bomani ni mbali, uwandani ni karibu. Walimngoja awaambie ni udongo upi wenye kaboni iliyotokana na vitu vilivyowahi kuwa hai, maana huo ndio hushika maji na kulisha mmea. Wakikosea, mbegu zimekwenda.

Nilisikia hayo yote. Hata hivyo, Madam na walimu walipokwenda chai, nilisaga mavi makavu ya mbuzi nikayachanganya kwenye mfuko wa uwanda. Nilitaka kuona msomi akitangaza, bila kucheka, kwamba jangwa lina rutuba kuliko mashamba ya umwagiliaji ya Katilu. Nilidhani ana mashine inayomeza udongo na kutema jibu.

Hakuwa nayo. Alikuwa na chekeche, mizani, tanuri na subira ya ajabu. Alitia udongo katika maji mazito ya chumvi maalumu, akakoroga, akaacha utulie. Vitu vyepesi, kama vipande vya majani na mizizi, vikaelea. Udongo wenyewe ukazama pamoja na kaboni ya kale iliyong'ang'ania chembe zake. Alipodondosha asidi kwenye tope lililozama, likatoa povu. Rafiki yangu Jebet akasema kumbe kaboni ni nyingi hivyo. Madam akaeleza kwamba hiyo ni ya chokaa, kaboni ya mawe, na lazima ifukuzwe kwanza isije ikahesabiwa. Kisha akakausha, akapima, akachoma, akapima tena. Uzito uliopotea motoni ndio uliomwonyesha kilichowahi kuwa hai.

Nilisahau kabisa kwamba nilikuja kumcheka. Aliuhoji ule udongo kama hakimu asiye na haraka, kila shahidi kwa zamu yake, na udongo ukajibu.

Wa boma uliacha takataka kidogo juu, lakini tope lake lilipungua sana motoni. Wa uwanda ulifanya kinyume: juu tabaka nene kama uji, chini tope ambalo halikupoteza chochote cha maana. Madam akaliangalia lile tabaka kwa muda. Akachomoa kitu kwa koleo ndogo, akakiweka chini ya lenzi.

"Ganda la haragwe," alisema. "Mimi nimechunga mbuzi Lopur mpaka nyayo zikapasuka. Wa kwetu hula maganda ya mgunga. Huyu amekula githeri."

Mbuzi ninaowajua wa kula githeri, yale mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, wanaishi nyuma ya jiko letu la shule. Jebet akaanza kukohoa. Nikajitia kusoma maandishi kwenye chupa ya asidi, kwa makini ambayo mwalimu wangu wa kemia hajawahi kuyaona.

Madam hakupandisha sauti. Alitoa simu akaishika mkononi.

"Apua, mama anangoja. Nimwambie uwanda una rutuba?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wenye upepo na kundi la mbuzi wapitaji. Nikamtazama aliyejua kutenganisha ukweli na takataka kwa maji ya chumvi, nikaona uongo wangu ungeelea tu.

"Usimwambie, madam. Wapande bomani. Yale mavi niliyasaga mimi." Nikamwonyesha kwa kidole aliyekuwa akikohoa. "Jebet alilinda mlango."