Msichana wa Ndani ya Ngoma

Zimwi alivaa gunia la ulezi, na ngoma yake ilikuwa tenga la mahindi lililofunikwa kwa khanga ya mwalimu. Ndani ya tenga alijikunyata Silvana, mtoto ambaye tangu familia yake ihamishiwe katika kijiji cha ujamaa hakuwahi kutamka neno darasani.

Mwalimu Kulsumu alimchagua kwa makusudi. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni, binti wa wenye duka mjini Sumbawanga, na Kifipa chake hakikuvuka salamu. Wiki nzima aliwasimulia wanafunzi habari za zimwi aliyemtia msichana ndani ya ngoma, akazunguka naye vijijini akimwimbisha, mpaka mama akaitambua sauti ya mwanawe. Leo walikuwa wanaigiza. Aliwaza kwamba asiyeonekana huenda akathubutu kusikika.

"Ngoma yangu, lia!" Polikarp alinguruma, akigonga tenga kwa kijiti.

Kisha sauti nyembamba ikapenya khanga. Silvana aliimba, lakini si wimbo aliofundishwa. Aliimba kwa Kifipa, lugha ambayo Kulsumu aliipiga marufuku darasani. Mkono wa mwalimu ulinyanyuka kumkatiza, ukaganda hewani: Polikarp, zimwi mzima, alikuwa akifuta machozi kwa gunia.

"Anasema nini?"

"Anamwita bibi yake, mwalimu. Yule aliyekataa kuhama. Anamuuliza, nani anakutekea maji?"

Siku zote Kulsumu alidhani kimya kile ni uzito wa ulimi, naye akazidi kumiminia Kiswahili mtungi uliokwisha kujaa. Akainama. "Toka, mwanangu. Umeimba vizuri."

"Bado, mwalimu," tenga likajibu kwa Kiswahili safi. "Hatujafika kwetu."

Darasa zima lilimtazama mwalimu. Kijiji cha zamani kilikuwa ng'ambo ya bonde tu. Nyumba moja bado ilifuka moshi. Kulsumu akashika ukingo wa tenga.

"Polikarp, shika huko. Na nyie, njooni msaidie."

Mlangoni wakakutana na mwalimu mkuu, mzee Felisiani.

"Mwalimu Kulsumu! Tenga hilo mnalipeleka wapi?"

"Shikamoo, mwalimu mkuu. Kijiji kinachofuata. Hadithi haijaisha."

Mzee akatazama saa yake, akatazama ule moshi, akapisha njia.

Nje upepo wa Ufipa ulikuwa mkali. Silvana akaanza tena, safari hii wenzake wakimwitikia. Kulsumu hakujua hata neno moja la wimbo ule. Akafuata mahadhi kwa mvumo wa puani, kwa woga kidogo. Ng'ambo ya bonde, mtu alikuwa ametoka nje, kiganja juu ya macho kukinga jua, akisikiliza.