Mwanakuu Apunguza Vyombo

Nyumba ya Aidarus pale Kibokoni ilikuwa na vyumba vinne, na watu wake walikuwa wamebakiwa na viwili. Vingine vilikaliwa na madebe. Tangu vita vianze, karani huyu wa bandari ya Kilindini hakurudi nyumbani mikono mitupu: leo kamba iliyotupwa na meli, kesho tairi, keshokutwa mlango usio na nyumba. Mkewe Mwanakuu akinung'unika, jibu lilikuwa lile lile, akiba haiozi. Kweli haikuoza, ila ilizaa panya.

Mwanakuu angeendelea kuvumilia, lakini binti yao Swabaha alikuwa ameposwa. Desturi yao, bwana harusi ndiye anayehamia kwa mkewe, na chumba cha juu alichotengewa Swabaha kilijaa matairi mpaka darini. Ijumaa watu wa upande wa kijana wangekuja kukitazama. Mwanakuu aliiona harusi ya mwanawe wa pekee ikivunjika kwa ajili ya takataka, na moyo ukamuuma.

Kumwambia mumewe avitupe hakukufaa kitu. Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini alijua mumewe aliogopa jambo moja, kuitwa bahili. Na mji ule, mgeni akikisifu kitu chako, huna budi kumwambia kishakuwa chake. Ukimnyima, usishangae kijicho kikikipata. Basi Mwanakuu akavaa buibui lake, akawapitia majirani mmoja mmoja na kuwanong'oneza.

Alasiri ile Badawi, jirani wa mlango wa pili, alikunywa kahawa barazani kwa Aidarus, kisha akasema, "Mashaallah. Kamba kama hino sijapata kuiona."

Aidarus aliitazama kamba yake mara ya mwisho. "Ishakuwa yako, ndugu yangu. Twaa."

Baada ya hapo matairi yakasifiwa, madebe yakasifiwa kwa kutu yake, na mlango ukasifiwa na mtu mwenye nyumba isiyo na mlango. Huyo peke yake ndiye hakusema uongo.

Ajabu ni kwamba Aidarus alinogewa. Msikitini aliitwa karimu, naye akaanza kutembea kifua mbele. "Mbona leo hujasifu kitu, Badawi?" Mwanakuu alimsikia akiuliza, akacheka peke yake ngazini. Alhamisi chumba kilikuwa kitupu, kimepakwa chokaa. Akakitia samadari aliyorithi kwa mamake, kile kitanda alichozaliwa juu yake yeye mwenyewe.

Ijumaa alikuja Sheikh Jaffar, ami yake bwana harusi. Akatazama chumba, akaridhika. Kisha, kwa adabu tu, akasema, "Mashaallah, samadari kama hizi siku hizi hazionekani."

Mwanakuu alikohoa nyuma ya pazia. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Ishakuwa yako," alisema Aidarus.

Sheikh Jaffar akakataa, akabembelezwa. Akakataa tena, akabembelezwa zaidi. Mwisho akachelea kumvunjia mwenzake heshima, akaita hamali.

Harusi ilifana. Bibi harusi alipewa kitanda cha wazazi wake, na wazazi wakatandika mkeka sakafuni. Aidarus alijinyoosha, akavuta pumzi.

"Waona, Mwanakuu," alisema, "nyumba sasa yapumua."

Mwanakuu aligeukia ukutani, machozi yakimtoka kwa kitanda cha mamake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutoa.