Nywele za Wamuyu Chini ya Kitambaa

Mimi ni Gathogo, mwana wa Mbugua, mwana wa Wanyoike. Wanyoike alisimamisha boma lake kwa jasho lake mwenyewe, wala hakuwahi kuitwa barazani kujibu shtaka. Baba yangu Mbugua alikuwa mzee wa kanisa, na shamba la mlowezi lilipogawanywa hapa Subukia, ni yeye aliyeshikishwa kamba ya kupimia mipaka, kwa kuwa hata waliogombana walimwamini. Mimi nilifunzwa na walimu ambao hawakuvumilia herufi kuvuka mstari, kisha nikafundisha hesabu hadi nilipostaafu. Nayataja haya ili ijulikane kwamba sisi si watu wa kustaajabu ovyo. Lakini nimestaajabu, na nitaeleza sababu.

Marehemu mke wangu aliitwa Wamuyu. Binti wa kwanza wa mwanangu mkubwa alipewa jina hilo hilo, kama desturi yetu inavyoagiza, na kwa hiyo tangu utotoni mwake nimemwita mke wangu, naye hunijibu kwamba mahari yake hajaiona. Yeye huniita Guka, yaani babu, na nyanya yake alikuwa akimwita Cucu, kwa lugha ya nyumbani. Alipomaliza kidato cha nne alikuja kukaa nami, nyumba ikiwa tupu, akaanza kujifunza kuchora kwa penseli akifuata mafunzo ya kwenye simu. Alichora kikombe. Alichora ng'ombe wetu, na nilipoona kwamba jicho la ng'ombe yule lilikuwa na unyevu, nilimwita.

"Ibada ya ukumbusho ya nyanya yako inakaribia," nikamwambia. "Nataka picha yake iwekwe mbele ya watu. Na nataka awe kichwa wazi."

"Kichwa wazi? Guka, Cucu hakuwa anatoa kitambaa hata akikamua."

"Ndiyo sababu ninataka."

Sikumwambia zaidi. Ukweli ni kwamba picha zote zilizo ukutani zinamwonyesha amefunga kitambaa, kama walivyofunga wanawake wote wa rika lake kanisani. Nywele zake nilizijua mimi peke yangu. Na asubuhi moja niliamka, nikajaribu kumwona, nikaona uso wote, lakini juu ya paji palikuwa na ukungu. Niliogopa. Kama mimi ningezisahau, zingekuwa hazikuwahi kuwako duniani.

Msichana alifanya kazi kwa bidii. Uso ulifanana hata nikavua miwani na kuipangusa. Lakini nywele! Alikuwa amezichora moja moja, kutoka kwenye paji hadi mabegani, zikiteremka kama maji ya mfereji. Jirani yangu Kemboi, tuliyezeeka naye pamoja, alikuwa akirudi kutoka kupeleka maziwa. Akaegemea ukuta wa baraza na kuitazama karatasi.

"Gathogo, mama huyu amenyeshewa?"

"Hizo ni nywele, mzee," Wamuyu akasema.

"Kwamba ni nywele naona. Nauliza ni za nani. Mlowezi wa hapa alikuwa na farasi mwenye mkia kama huo."

Msichana hakucheka. "Ndivyo wanavyofundisha kwa simu! Unavuta mstari mmoja, halafu mwingine, kutoka kwenye mzizi."

"Na hao wanaofundisha kwa simu," nikauliza, "wao wana nywele gani?"

 Akapeleka mkono kichwani mwake. Shuleni alikuwa akinyolewa kila muhula, kama wasichana wote wa shule yake. Alipotoka shuleni akasukwa rasta za dukani zilizofika kiunoni. Tangu azaliwe hakuwa amepata kuzitazama nywele zake mwenyewe.

Alikaa barazani akizifumua rasta zile, Kemboi akimtania kwamba anachuna kuku. Akaosha kichwa, akaketi dirishani na kioo. Nilikuwa nikisoma gazeti. Ghafla nikamsikia akisema polepole, kama mtu aliye kanisani:

"Guka, kumbe hazina mstari."

"Zina nini?"

"Kila unywele unajirudia. Unaingia ndani, unatoka, unaingia tena. Na mwanga hautelezi juu yake. Unanaswa." Akageuza kichwa huku na huku. "Sijawahi kuona kitu kama hiki. Na kilikuwa juu yangu."

Akaanza upya. Safari hii hakuchora unywele hata mmoja. Alitia giza umbo zima la kichwa kwanza, kama mkulima anayelima shamba lote kabla ya kufikiria mche. Juu ya giza lile akaweka viduara vidogo sana, vikipandana na kushikana. Pale nywele zilipokutana na ngozi hakuweka ukingo. Alizipunguza kidogo kidogo hadi usingeweza kusema paji linaishia wapi. Mwishowe akachukua ufutio laini, akaufinyanga vidoleni kama tonge la ugali, akagusa karatasi, na mahali alipogusa pakaamka. Katika shule tuliyosoma sisi, ufutio ulikuwa ushahidi wa kosa. Mkononi mwake ulikuwa taa. Nilisimama nyuma yake nikasahau gazeti, na sioni haya kusema kwamba mdomo wangu ulikuwa wazi.

Hata hivyo aliponiletea picha imekamilika, niliitazama kwa muda mrefu, nikasema, "Si yeye."

Machozi yakamlenga. "Guka, nimefanya kila kitu! Kama si yeye, nitajuaje? Mwenye kujua ni wewe tu, na wewe husemi!"

Alisema kweli, na mtoto akisema kweli hapigiwi kelele. Nilifunga mlango, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Nikamweleza kwamba miaka ya mwisho nyanya yake alishikwa na ugonjwa wa viungo, mikono isiweze kupanda juu ya mabega. Wakaza wanawe walijitolea kumsuka, akakataa. Alisema kichwa chake hakitakuwa habari ya sokoni. Kwa hiyo kila Jumamosi nilifunga mlango kama nilivyoufunga sasa, yeye akaketi chini kwenye mto, mimi nyuma yake kitini, na nikamsuka. Mara ya kwanza aliniambia ninamfunga kama gunia la viazi vya Molo. Wanaume wa rika langu hawagusi kazi hiyo, na hakuna aliyejua.

"Guka! Wewe ulikuwa unasuka?"

"Nilikuwa nasuka. Kwa uzi mweusi. Na mistari yangu ilinyooka."

Hakucheka. Aliketi chini, mgongo kwangu, akainamisha kichwa. "Basi nionyeshe."

Nikaweka vidole katika nywele zake. Zilikuwa zile zile. Mikono yangu ilikumbuka kabla yangu, ikaenda yenyewe nyuma kidogo ya paji, ikasimama.

"Hapa," nikasema. "Kutoka sikio hadi sikio, alikuwa na bonde. Alibeba kuni na maji kwa mkanda wa ngozi kichwani tangu akiwa msichana mdogo, na mkanda ulichimba. Ndani ya bonde hilo nywele zilikuwa fupi, zimelala, nyeupe kama sakitu, umande ulioganda alfajiri. Nilikuwa nikilipita kwa kitana polepole sana."

Aliinuka. Akaufinyanga ufutio ukawa na ncha pana, akashusha pumzi, akaupitisha mara moja juu ya giza lile, kutoka upande hadi upande.

Na mke wangu akaja. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Ukungu uliondoka, na Wamuyu alinitazama kama alivyokuwa akigeuka kunitazama kila nilipofunga uzi wa mwisho.

Siku ya ibada picha iliwekwa mezani chini ya hema. Nilihofia wanawake wa kanisa wangenung'unika kumwona mwenzao kichwa wazi. Hawakunung'unika. Kisha Wawira, aliye mkubwa wao wote, akaja mbele kwa mkongojo, akaitazama, akalegeza kitambaa chake, na kugusa bonde lake mwenyewe. Kemboi alivua kofia. "Huyu hakunyeshewa," akasema.

Basi sikilizeni, ninyi vijana. Nendeni kwa nyanya zenu wangali hai. Waombeni wafungue vitambaa, mchukue kitana, mjifunze kwa vidole kilichoko pale, kabla hamjaenda kuchora vichwa vya watu wa mbali. Sisemi mkipenda. Ninaagiza.