Jina la Kanali Ndani ya Wimbo Wangu

Katika albamu yangu ya roki nilikataa libanga, ile desturi ya kuita majina ya wakubwa katikati ya wimbo ili kuwasifu. Tonton Lambert, mwenye lebo iliyorekodi albamu, alicheka tu.

Jumatatu mchana redio ilipiga wimbo wangu unaomlaani mwanajeshi anayeiba samaki kwenye mitego ya wavuvi pale kwenye maporomoko ya mto. Baada ya mstari "Mwizi, mto unakujua," nikasikia sauti ya Tonton Lambert ikimsifu mkuu wa jeshi mjini kwetu: "Kanali Bosenge, mutu mukubwa!"

Nilikimbia hadi studio.

"Tonton, umeniua! Libanga umeliweka baada ya neno mwizi!"

"Bon, nilitafuta tu fasi gitaa inanyamaza," alisema, jasho likimtiririka. "Maneno sikusikia. Wimbo yako iko makelele."

"Utoe!"

"Nitoe namna gani? Redio zote ziko nayo."

Gari la jeshi likasimama mlangoni. Askari akaingia akitabasamu.

"Kanali amefurahi sana. Kelele ilikuwa mingi, alisikia jina yake tu. Jumapili utaimba kwake, gitaa bila umeme, asikie maneno yote muzuri."

Alipoondoka, Tonton alininong'oneza: "Badilisha mustari, mutoto wangu. Mustari moja tu."

Mstari ule niliutunga siku baba aliporudi kutoka mtoni na kikapu kitupu, mdomo umepasuka.

"Sibadilishi," nilisema, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kama ya mtu mwingine.