Huachwa

"Kama si wewe, ni nani mwingine hapa mwenye mdomo mpana kama mlango wa ghala?" bibi alisema, ndoo tupu mkononi.

"Mdomo ninao, na nautumia hadharani," fundi cherehani akamjibu, mguu ukiendelea kukanyaga. "Nikitaka kukusema nakusema hapa hapa barazani, mwenyewe unasikia. Ofisi ya mtu siijui hata rangi ya mlango."

Milango yote sita ya nyumba ilikuwa wazi, na kila mpangaji alikuwa amejitafutia kazi karibu na wake. Mmoja alikuwa akifua shati lile lile tangu asubuhi.

Wiki mbili nyuma, gari la ofisi ya ustawi wa jamii lilikuja likamchukua mjukuu wa bibi, binti wa miaka sita, likampeleka makao ya watoto.

"Siku moja tu," bibi alisema. "Presha ilinipanda, nikalazwa zahanati mpaka jioni. Mtoto akashinda peke yake siku moja. Wao wananisomea karatasi utadhani kumwacha ndiyo kazi yangu. Nani kawapelekea?"

"Muulize msomi," fundi akasema, akielekeza mkasi mlango wa tano. "Ustawi, si ndiyo shahada yako hiyo? Kila tukikuuliza utakuwa nani, mara hospitali, mara mahakamani, mara shirika la watoto. Sisi tukajua unasomea umbea wenye cheti. Haya, tusaidie."

Watu wakacheka. Binti waliyempa jina la Ustawi hakucheka. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo kwa vitendo, mkoba ungali begani.

Mwezi uliopita msimamizi wake, afisa wa ofisi ile ile ya ustawi, aliwataka wanafunzi waeleze familia moja wanayoijua, bila jina. Yeye akaandika ya mlango wa pili. Jina hakuweka; aliweka milango sita, cherehani barazani, na bibi na mjukuu wake. Akasifiwa kwamba maelezo yake yana uhai. Hakujua kwamba msimamizi naye ana macho, na nyumba ile anaipita kila siku.

Na ndani ya maelezo hayo mlikuwa na sentensi moja: *Mtoto huachwa peke yake.* Alitaka isikike kama vitabu, maana vitabuni kila kitu ni hivyo. Familia huvunjika, watoto huathirika. Jana alirudi ofisini kusahihisha. Wakamwambia jalada limeshafika mahakamani, aandike barua, itaambatanishwa.

"Bibi," akasema. "Ni mimi."

Cherehani ikanyamaza.

"Niliandika mtoto huachwa. Nilitakiwa kuandika aliachwa."

Bibi aliweka ndoo chini polepole. Hakuwahi kukaa darasani zaidi ya miaka minne, lakini lugha ilikuwa yake.

"Hu," akasema. "Kumbe ni hu."

Akaingia ndani. Fundi alishika kitambaa, akakiacha, akakishika tena. Aliyekuwa akifua akamwaga maji. Ustawi alibaki pale pale barazani, mkoba ukimlemea, asijue aende chumbani kwake au arudi barabarani.

Pazia la mlango wa pili likasogezwa.

"Barua umeandika?"

"Nimeandika, bibi."

"Watamrudisha lini?"

"Hawajasema. Kesi imepangwa baada ya miezi mitatu."

Kwenye kizingiti kulikuwa na ndala ndogo za bluu, zimepangwa sambamba, zimeoshwa.

"Mimi hupika cha watu wawili," akasema, na ile *hu* aliitamka taratibu, kama anayegusa kidonda. "Kila siku. Mkono haujapata habari." Akalishika pazia juu. "Vua viatu, mjukuu wangu. Na huyo fundi mwite, nimemtukana bure. Ingieni mle chakula."