Pindo la Inchi Nne

Kila mwaka, wiki tatu kabla ya Pasaka, fundi wa majoho aliwapima upya wanakwaya na wazee wa kanisa, maana watu wa kanisa lile hawakubaki na urefu mmoja. Aliyekua katika imani alikua na mwili, inchi moja kwa mwaka, na mwaka mwema sana mbili. Aliyerudi nyuma alipungua vivyo hivyo, pole pole, bila kuumwa popote. Kwa hiyo fundi aliacha inchi nne za pindo ndani ya kila joho, akawa anashusha au anapandisha, basi.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee wa kanisa, mwenye ile nyumba ya bati jekundu. Fundi alipanda kigoda, akashika futi begani kwake na kuiachia mpaka kisiginoni.

"Arobaini na moja."

"Mwaka jana?"

"Arobaini na tatu."

"Haya, kata. Ila usinishonee kitu cha kitoto, bwana, nina wajukuu."

Mimbari ilishawekewa ngazi mbili kwa ajili yake, na ya tatu ilikuwa kwa seremala. Hakuna aliyeuliza. Utamwulizaje mzee wa watu kwa nini anapungua? Hata mchungaji alisema tu kwamba mbao zimepanda bei.

Fundi hakuwa na haja ya kuuliza. Miaka kumi na mmoja nyuma, mdogo wake mzee, mwenye nyumba ya bati jekundu wakati huo, alikufa akaacha mke. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, mzee akatokea na karatasi iliyosema kwamba marehemu, akiwa na akili timamu, alimwachia kaka yake nyumba. Karatasi ilitaka shahidi. Fundi hakuwepo, hakuona, hakusikia, lakini kazi zote za majoho ya kanisa alizipata kupitia kwa mzee, kwa hiyo akatia saini. Mjane akahamishiwa stoo ya nyuma, pamoja na majembe na ndoo.

Fundi mwenyewe alikuwa amejipima usiku uliotangulia, mlango ukiwa umefungwa. Thelathini na moja. Alikuwa amempita mzee kwa ufupi, kwa kuwa mzee alidanganya siku moja, na yeye alinyamaza kila siku. Kwenye pedali ya cherehani alipigilia kibao ili mguu ufike.

Akiondoka, mzee aligeuka mlangoni. "Fundi, tumetoka mbali mimi na wewe. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Ndiyo, mzee."

Mjane, naye wa kwaya, alikuja alasiri. Fundi alimpima akiwa amelala sakafuni, maana akisimama kichwa kiligusa dari. Sabini na sita. Pindo lilikuwa limekwisha; ingebidi kuunga kitambaa.

"Unalalaje siku hizi, dada?"

"Miguu naitoa nje. Mvua ikinyesha, naikunja."

"Na ukuta?"

"Umepasuka upande wa nyumba kubwa. Shemeji anasema nijikunje zaidi." Akamgeuzia uso. "Ile karatasi, fundi. Nilikusamehe siku ileile."

Futi iliteleza kisiginoni mwake. Fundi akaisogeza: sabini na saba.

"Sikudai kitu," akasema mjane. "Jumapili, kwenye ushuhuda, useme tu ulichokiona na usichokiona."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazitazama, akazirudisha. Aliona aibu, aibu ya kweli, akatamani ile sakafu immeze. Mjane alisubiri, kisha akatoka akiwa ameinama.

Jumapili mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda. Safari hii liwalo na liwe, fundi akasimama.

Mchungaji aliangaza mabenchi yote, mbele na nyuma.

"Hakuna?"

Fundi alikuwa amesimama. Mgongo wa benchi la mbele ulimpita kichwa. Alichotakiwa ni kupaza sauti, neno moja tu, na neno hilo alikuwa nalo ulimini. Kule nyuma mjane, ambaye aliona kila kitu kwa urefu wake, alimtazama na kungoja.

"Basi tuombe," akasema mchungaji.

Fundi akaketi. Hakuna aliyeona tofauti.

Baada ya ibada wazee walikaa dakika kumi kuzungumzia suala la mjane, wakakubaliana kwa kauli moja anunuliwe kitambaa zaidi. Mvua ilikuwa imeanza. Fundi alipita njia ya nyuma ya nyumba ya bati jekundu, mwavuli ukiburuta matopeni. Ufa wa stoo ulikuwa umefika kwenye msingi wa nyumba kubwa. Mlangoni miguu miwili ilikuwa nje, nyayo juu, inanyeshewa. Haikuwa na mahali tena pa kukunjwa.

Alifika nyumbani, akafunga mlango, akajipima. Kisha akachukua mkasi na suruali yake ya Jumapili.